Tarikhi ya Moshi Usioonekana

Moshi wa makaa ya mawe una dhahiri yake na una batini yake. Dhahiri yake ni ule weusi upakao kuta masizi, uwashao macho na ufunikao jua mchana kweupe. Nao, kwa kuwa waonekana na kila mtu, wafalme na mabaraza ya miji wamepigana nao tangu zama za kale, tokea mwanzo wa karne ya 14, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipowakataza mafundi wa London kuchoma makaa yaliyoletwa kwa vyombo vya bahari kutoka kaskazini, hata mwaka 1956, Bunge la nchi hiyo hiyo lilipopitisha Sheria ya Hewa Safi baada ya ukungu mzito wa Desemba 1952 kuwaua watu wa London kwa maelfu. Ama batini yake ni gesi isiyo na rangi, iitwayo oksidi ya naitrojeni, ambayo hutoka katika dohani ndefu hata ikiwa dohani hiyo, machoni pa mpita njia, haitoi moshi wowote. Watu walioitafuta asili ya gesi hiyo waliitafuta kwanza katika hewa, kisha katika makaa, na mwishowe wakaikuta katika vitundu vya ndani ya kaa lenyewe. Na tarikhi ya msako huo yastahili kusimuliwa, kwani ni tarikhi ya akili za wanadamu zikihama hatua kwa hatua kutoka nje ya kitu kwenda ndani yake.

Gesi hiyo ikisha kutoka dohanini hukutana na oksijeni ya hewa ikageuka kuwa gesi ya rangi ya kahawia, idhuruyo mapafu, hasa ya watoto wadogo na ya wenye pumu; ikichanganyika na mvua huwa tindikali, ichomayo misitu na kuua samaki wa maziwa; na ikipigwa na jua kali pamoja na mivuke ya petroli huzaa ozoni, ambayo juu angani huwakinga viumbe, bali huku chini, katika hewa tuivutayo, ni sumu. Kwa hiyo wanaoitafuta asili yake hawatafuti jambo la anasa ya kielimu tu, bali watafuta sababu ya maradhi.

Mwaka 1785, Henry Cavendish, tajiri mnyamavu wa London aliyependa vipimo kuliko mazungumzo, alifungia hewa ndani ya kioo na kuipitishia cheche za umeme, mara kwa mara, huku akiongeza oksijeni, mpaka naitrojeni ikaungana nayo na kugeuka tindikali iliyonywewa na maji ya magadi. Alipomaliza, kilibaki kiputo kidogo kisichokubali kuungana na chochote, kisichozidi sehemu moja katika 120 za naitrojeni aliyoanza nayo. Naye, kwa uaminifu wake, alikiandika kiputo hicho katika taarifa yake ingawa hakuweza kukieleza. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla Lord Rayleigh na William Ramsay, mwaka 1894, hawajabainisha kwamba kile kiputo kilikuwa gesi mpya, wakaiita agoni. Na msomaji aishike habari hiyo, maana agoni itarudi katika kisa hiki kutoa ushahidi.

Funzo la Cavendish lilikuwa kwamba naitrojeni na oksijeni, zikaazo pamoja hewani kwa amani, zaweza kulazimishwa kuungana zikipata joto kali la kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kristian Birkeland na Sam Eyde wa Norwe waliitumia kanuni hiyo kutengenezea mbolea, kwa kuipitisha hewa katika moto mkubwa wa umeme. Ikawa gesi ambayo baadaye ingelaaniwa kwa kuharibu misitu ilitengenezwa kwanza kwa makusudi, ili iyarutubishe mashamba. Hakuna aliyefikiri, katika miaka hiyo, kwamba kila tanuri la makaa ya mawe lilikuwa likiitengeneza pia bila kuagizwa.

Nayo matanuri yalikuwa yakibadilika. Zamani makaa yalichomwa yakiwa mabonge juu ya fito za chuma; lakini baina ya mwaka 1918 na 1920, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, mafundi wa kituo cha umeme cha Oneida Street walithibitisha kwamba makaa yakisagwa yakawa unga laini, kisha yakapulizwa ndani ya tanuri pamoja na hewa, huwaka mfano wa gesi, kwa upesi na kwa ukamilifu, na umeme wake huwa rahisi. Njia hiyo ikaenea duniani kote. Chembe nyingi za unga huo hazifiki sehemu moja katika kumi ya milimita, na kila moja huishi tanurini kwa sekunde moja au mbili tu. Lakini ndani ya muda huo mfupi hutokea mambo ambayo wataalamu wamehitaji zaidi ya nusu karne kuyafumbua.

Msako wenyewe haukuanzia kwenye makaa, bali kwenye mji wa magari. Mnamo Julai 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu uliowachoma watu macho na koo, hata wengine wakadhani kwamba adui amewatupia gesi ya vita. Miaka michache baadaye Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Utrecht nchini Uholanzi, ambaye katika chuo cha Caltech alikuwa akichunguza asili ya ladha ya nanasi, aliziacha nanasi zake akaigeukia hewa ya mji. Na kufikia mwaka 1952 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ukungu ule hauzaliwi na moshi wa kawaida, bali huzaliwa pale oksidi za naitrojeni na mivuke ya petroli zinapokutana chini ya jua. Tangu siku hiyo swali likawa dhahiri mbele ya kila mwenye tanuri: je, oksidi hizo zatoka wapi?

Jibu la kwanza lilikwisha kutolewa huko Urusi, ingawa wengi walikuwa hawajalisikia. Mwaka 1946 Yakov Zeldovich, kijana wa Minsk ambaye hakupata kuhitimu chuo kikuu kwa njia ya kawaida lakini akawa miongoni mwa vichwa vikubwa vya fizikia ya karne yake, alieleza namna naitrojeni ya hewa inavyounguzwa katika ndimi za moto: chembe moja ya oksijeni iliyotengana na mwenziwe huivunja molekuli ya naitrojeni, ikachukua nusu yake, na nusu iliyobaki huishambulia molekuli ya oksijeni, ikamzaa mshambuliaji mwingine, na mnyororo ukaendelea. Lakini mnyororo huo wahitaji joto kali mno, kwa kuwa molekuli ya naitrojeni imefungamana kwa nguvu kubwa. Chini ya nyuzi 1,500 za selsiasi huenda kwa ukaidi, na juu ya hapo hukimbia. Kwa hiyo hukumu ya wahandisi ikawa nyepesi: poza moto, na gesi itapungua. Katika matanuri ya gesi hukumu hiyo ilikuwa sahihi, na hata leo ni sahihi.

Katika matanuri ya makaa ya mawe, walakini, haikutosha. Moto ulipozwa, na gesi ikaendelea kutoka kwa wingi ambao hesabu za Zeldovich hazikuweza kuueleza. Shaka ikaanza kuingia: je, yawezekana kwamba naitrojeni ile haikutoka hewani? Kwani makaa ya mawe ni miti na majani ya zama za kale yaliyozikwa na kubanwa chini ya ardhi, na kila kilichokuwa hai kina naitrojeni katika mwili wake. Ndiyo maana makaa, yakipimwa, huonekana kuwa na naitrojeni kiasi cha sehemu moja au mbili katika mia ya uzito wake, iliyofungamana na kaboni katika pete za molekuli. Ni kidogo, lakini tanuri la umeme hula maelfu ya tani kwa siku.

Kudhani si kuthibitisha, na uthibitisho ulihitaji hila. Hapo ndipo agoni iliporudi. David Pershing na Jost Wendt, katika Chuo Kikuu cha Arizona, waliyachoma makaa yaliyosagwa si katika hewa, bali katika mchanganyiko wa oksijeni, agoni na dioksidi ya kaboni, uliopimwa kwa uangalifu ili joto la moto lisitofautiane na lile la hewa. Katika mchanganyiko huo hamna naitrojeni hata chembe. Basi oksidi yoyote ya naitrojeni itakayotoka haiwezi kuwa imezaliwa na hewa. Matokeo, yaliyosomwa mwaka 1976 mbele ya mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mwako, yaliondoa shaka: zaidi ya robo tatu ya gesi ile ilitoka katika makaa yenyewe. Kile kiputo ambacho Cavendish alikiandika bila kukielewa kilikuwa sasa, baada ya miaka 191, kimesimama shahidi juu ya jambo ambalo yeye hangeweza kuliota.

Mshitakiwa akawa amejulikana. Likabaki swali la namna ya kosa. Msomaji amewaona wachoma makaa wa kwetu wakipanga magogo, wakayafunika kwa majani na udongo, wakayawasha na kuyanyima hewa, mpaka moshi mzito ukisha kutoka hubaki kaa jepesi, jeusi, lenye vitundu, lisilo moshi tena lakini lenye moto mwingi ndani yake. Chembe ya makaa ya mawe iliyopulizwa tanurini hupitia jambo hilo hilo, ila kwa sehemu ndogo ya sekunde: kwanza hutoa gesi na lami zake, zikawaka kwa ulimi wa moto kuizunguka; kisha hubaki kaa tupu, ambalo huungua polepole kuanzia nje na kupitia vitundu vyake kwenda ndani. Naitrojeni nayo hugawanyika, nyingine ikatoka na gesi za mwanzo, nyingine ikabaki imefungiwa katika kaa. Katika mkutano ule ule wa 1976, John Pohl na Adel Sarofim wa chuo cha MIT walieleza mgawanyo huo, wakaonyesha kwamba kadiri chembe inavyopashwa moto mkali zaidi ndivyo naitrojeni inavyozidi kulikimbia kaa. Sarofim alikuwa mzaliwa wa Cairo, aliyepitia Oxford kabla ya kuvuka bahari. Na katika kazi hiyo alishirikiana kwa miaka mingi na János Beér, Mhungaria, hata yafaa kusema kwamba elimu hii haikuwa mali ya taifa lolote.

Sehemu iliyotoka na gesi ilipatiwa dawa mapema. Ikiwa mwanzo wa ulimi wa moto utanyimwa hewa ya kutosha, naitrojeni ile, isipopata oksijeni ya kuungana nayo, huungana yenyewe kwa yenyewe na kurudi kuwa naitrojeni salama. Kisha hewa iliyobaki huongezwa juu zaidi, ili kumalizia mwako. Kwa kanuni hiyo vichomeo vipya viliundwa, na gesi ikapungua sana. Lakini kadiri sehemu hiyo ilivyopungua, ndivyo ilivyodhihirika kwamba iliyobaki ilitoka katika kaa, na kaa halikujali hila za hewa, kwa kuwa naitrojeni yake huungua pamoja na kaboni yake, hadi dakika ya mwisho. Hapo wataalamu wakalazimika kuuliza swali ambalo wahandisi wa matanuri hawakuzoea kuliuliza: kaa ni kitu gani, ndani yake?

Jambo la kustaajabisha ni kwamba jibu la swali hilo lilikuwa limeanza kuandikwa zamani, na wanawake wawili ambao hawakuwa na habari ya oksidi za naitrojeni. Wa kwanza ni Bibi Marie Stopes, ambaye ulimwengu wamjua kwa vitabu vyake vya ndoa na uzazi, na wachache hukumbuka kwamba alikuwa mjuzi wa mimea ya kale. Mwaka 1919 alieleza kwamba makaa yanayoonekana kama jiwe moja jeusi kwa kweli yana tabaka za aina nne, na mwaka 1935 akayapa majina ya kitaalamu mabaki ya mimea yajengayo makaa, kwa mfano wa madini yajengayo miamba. Kutoka katika elimu hiyo tumejua leo kwamba sehemu zilizotokana na mbao na magome hulainika zikipashwa moto, zikavimba kwa gesi na kuacha kaa lenye ukuta mwembamba na uwazi mkubwa katikati. Ilhali sehemu zilizopata kuungua au kuoza kabla ya kuzikwa aghalabu hazilainiki, zikaacha kaa zito, gumu, lenye ukuta mnene.

Wa pili ni Bibi Rosalind Franklin. Mwaka 1942, vita vikiendelea, alijiunga na taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe iliyokuwa karibu na London, akiwa na umri wa miaka 22, akapewa kazi ambayo wengine waliiona kavu: kupima vitundu vya makaa. Alitumia heli, ambayo atomi zake ni ndogo mno, kisha vimiminika vya molekuli kubwa zaidi, akilinganisha kila kimoja kimefika wapi. Akagundua kwamba vitundu vya ndani vina milango myembamba iruhusuyo molekuli ndogo na kuzuia kubwa, na kwamba kaa likizidishiwa joto milango hiyo huzidi kubana. Baada ya vita alihamia Paris, akajifunza kuyapiga makaa picha kwa miale ya eksirei; na mwaka 1951 akatangaza kwamba kaboni zote zitokanazo na joto ni za jamaa mbili, moja ambayo safu zake hujipanga sawasawa zikipashwa moto mkali mpaka zikawa grafaiti, na nyingine ambayo safu zake zimefungamana ovyo, zisikubali kujipanga hata kwa nyuzi 3,000. Ustadi ule ule wa eksirei ndio alioupeleka London kuchunguza DNA, akapata umaarufu uliomjia baada ya kufa. Bibi Stopes na Bibi Franklin wote wawili walifariki mwaka 1958, kabla mtu yeyote hajajua kwamba walikuwa wameacha funguo za mlango huo.

Kwani kilichodhihirika katika miaka ya 1980 na 1990 ni hiki: kaa ndilo lizaalo sumu, na kaa hilo hilo ndilo liiualo. Naitrojeni iliyo ndani ya kaa ikifikiwa na oksijeni huwa oksidi. Lakini oksidi hiyo, kabla ya kutoka nje, hulazimika kupita katika vitundu, na kila inapogusa kuta za kaboni yaweza kupokonywa oksijeni yake, kaboni ikaichukua, na naitrojeni ikaenda zake salama. Sarofim, Beér na wanafunzi wao waliupima upesi wa tendo hilo katika joto la matanuri halisi. Chembe moja ndogo ikiungua peke yake, oksidi zake karibu zote huponyoka. Makaa yakiungua kwa wingi pamoja, nyingi hukamatwa na kaa la jirani kabla ya kuliacha tanuri. Kwa hiyo gesi itokayo dohanini ni salio tu, yaani kilichozaliwa kikitolewa kilichouawa.

Na salio hilo huamuliwa na muundo. Vitundu vyembamba na virefu huikawiza oksidi ndani, ikapata kugusa kaboni mara nyingi. Kaa la ukuta mwembamba huiachia itoke upesi. Kaa ambalo safu zake zimevurugika lina kingo nyingi zilizo tayari kuipokonya oksijeni. Kaa lililokaa sana katika joto kali hujipanga, kingo zikapungua, nalo likawa zembe. Chokaa na chuma vilivyomo katika majivu navyo huliharakisha tendo hilo. Mjini Newcastle, ambako biashara ya makaa ya mawe ya Uingereza ilikuwa na makao yake tangu zama za kale, Mark Thomas alikusanya mwaka 1997 maarifa hayo yote kuhusu oksidi zitokazo katika kaa liunguapo. Na mwaka 2000, huko Utah, Pershing na Sarofim, walioleta ushahidi wao kila mmoja kwa upande wake mwaka 1976, waliweka majina yao pamoja katika waraka mmoja kuhusu naitrojeni ya kaa.

Elimu hiyo ilizaa pia onyo. Vichomeo vipya, kwa kuunyima moto hewa, vilipunguza oksidi lakini viliacha kaa lisiloungua ndani ya majivu, makaa yakapotea bure na majivu yakakataliwa na wajenzi waliokuwa wakiyachanganya na saruji. Ndipo mataifa yaliyoweka sheria kali, Japani na Ujerumani kwanza, yakaongeza mitambo ya kemia nyuma ya tanuri, ambamo amonia huivunja oksidi juu ya kichocheo. Ni dawa ya nguvu, lakini ya gharama, na kila kinachookolewa ndani ya kaa hakihitaji kulipiwa tena nje.

Kwetu sisi jambo hili si la mbali. Makaa ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma nchini Tanzania ni ya zama za Karoo, jamaa moja na makaa ya Afrika Kusini, India na Australia, yaliyozikwa mabara hayo yalipokuwa bado nchi moja. Na makaa ya jamaa hiyo aghalabu yana kiasi kikubwa cha zile sehemu ngumu zisizolainika motoni, tofauti na makaa mengi ya Ulaya. Viwanda vya saruji vya Tanzania vyayachoma leo. Huko Lamu, palipokusudiwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, baraza la kuamua mashauri ya mazingira nchini Kenya lilikifuta kibali chake tarehe 26 Juni 2019, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo; na haki ya mwenyeji kuuliza yahitaji ajue la kuuliza. Asitosheke kuonyeshwa dohani isiyotoa moshi. Aulize makaa hayo yamechimbwa wapi, yana naitrojeni kiasi gani, yakisha kutoa gesi zake huacha kaa la namna gani, na ni nani aliyelipima. Kwa maana vipimo vilivyochukuliwa kwa makaa ya Pennsylvania au ya Ruhr haviwezi kuwa dhamana ya makaa ya Ngaka. Zaidi ya karne mbili, tangu Cavendish, zilitumika kujifunza kwamba madhara ya moto hukadiriwa ndani ya kiunguzwacho. Basi nchi itakayochagua kuyachoma makaa yake yawajibika kuyajua kwanza, kwa wataalamu wake na kwa maabara zake, kabla ya kuwavutisha raia wake hewa iliyotoka humo.